Kiatu cha Ata Nilichokigeuza

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, nilifanya jambo ambalo kwetu Turkana hata mwizi wa mbuzi angeliogopa: niligeuza kiatu kilichokuwa kimeshasema.

Nyanya yangu, tuliyemwita Ata, hakuanza safari bila kurusha viatu vyake vya akala, vile vya mpira wa tairi. Vikianguka vyote vikitazama njia, tunaenda. Kimoja kikilala kifudifudi, tunakaa nyumbani. Kwetu hiyo ni kazi ya wanaume, lakini Ata alifundishwa na babake, na waliomsengenya aliwaacha wasengenye.

Mama alikuwa mpishi wa shule Lodwar. Sikuwa nimemwona karibu mwaka mzima. Asubuhi moja tukapata habari kwamba amefika kwa dada yake, kijiji cha ng'ambo ya mlima, upande wa Kakuma, na kwamba kesho alfajiri lori litamrudisha kazini. Kumfikia ilikuwa lazima tuvuke mlima kwa miguu siku hiyo hiyo.

Ata akarusha. Kiatu cha kushoto kikalala kifudifudi. Kwa bahati alikuwa amegeuka kutema tumbaku, hakuona. Basi mimi huyo, nikakipindua kwa kidole cha mguu na kukielekeza mlimani.

"Vimesema twende," akasema, akavivaa.

Niliteseka njia nzima. Kila jiwe lililoporomoka niliona ni kosa langu. Juu kabisa, kijia kinapokuwa chembamba, Ata akateleza akaangukia goti. Nilipoona damu nilijua nimemuua nyanya yangu.

"Ata, turudi," nikamwambia huku nalia.

"Turudi? Viatu vimesema twende, wewe ni nani uvibishie?"

Nikamfuata bila kukiri. Nilikuwa mwoga, na pia, niseme ukweli, nilimtaka mama.

Tulifika alasiri, Ata akichechemea. Mama alinibeba mgongoni, mimi mkubwa mzima, akazunguka nami boma lote. Jioni mvua ikapiga mlimani, makorongo yakafurika, na kijia hakikupitika kwa siku nne. Tungekaa nyumbani, nisingemwona. Ata alisimulia kila mahali jinsi viatu vilivyotuvusha kabla ya mvua, na watu wakaanza kuja kurushiwa viatu, hata wale waliomsengenya. Mimi nilikuwa nikitoka nje akianza kusimulia.

Mwaka jana nilimweleza yote. Sasa mimi ni muuguzi Lodwar, nina watoto, lakini nilisimama mbele yake kama mtoto anayengoja fimbo. Ata alicheka mpaka akafuta machozi.

"Na huo mguu wako," akaniuliza, "unafikiri ni nani aliusukuma?"

Mambo ya viatu siyaamini, nimesoma mno. Miaka yote nilidhani nilimlaghai Ata wangu. Kumbe kwake yeye, siku ile nilikuwa nimetumwa tu, na alifurahi kwamba nilitii.