Wembe wa Dada wa Makabati

Dada anayepanga mimea mikavu kwenye makabati ya makumbusho, kila ukoo na kabati lake, haoni ua akaliacha bila kulipasua atazame ndani. Fundi cherehani wa jirani anamjua kwa mifuko ya koti lake la kazi: wembe huitoboa, yeye huishona. Siku alipojipa moyo akampelekea ua jekundu, lilipasuliwa papo hapo.

“Hivi vyekundu ni majani tu, fundi; maua yenyewe ni haya madogo ya katikati. Huyu ni ndugu yake muhogo, ukoo mmoja.”

Jana fundi alirudi na jingine. Dada alichomoa wembe, akamtazama fundi, akaurudisha taratibu mfukoni.

“Hili ni la ukoo gani?” fundi akauliza.

“Hata sitaki kujua,” alisema, akilitia zima kwenye glasi ya maji.