Siku Niliyogawa Chingamu za Bi Zuhura

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kumtaja na meno ya kutafunia riziki yake, na meno yale yakishatoka akatujaalia ya kununua. Namshukuru kwa hilo, ingawa ni hayo hayo ya kununua yaliyonifedhehesha mbele za watu, na mpaka leo nikipita mtaani kwetu hapa Stechford, huku ughaibuni, wapo watoto wanaonisalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu," kisha wakishanipita wanafunika midomo. Wana haki. Hata mimi nikikumbuka nacheka, na nikishacheka natahayari upya.

Mimi nafundisha watoto Kur'ani sebuleni kwangu kila Jumamosi. Siku hiyo binti mmoja, Salma, alikuwa anahitimu msahafu kwa mara ya kwanza, na kwetu Zanzibar mtoto akihitimu, dua ikishasomwa, lazima wenzake wagaiwe kitu kitamu, kila mmoja mkononi mwake, asikose hata aliyebebwa mgongoni. Pipi nilijitolea kununua mimi, na nikazinunua kweli, tena nzuri, nikazisahau kwenye basi. (Nilikuwa navuta uradi, basi likafika kituoni kwangu nikashuka na tasbihi mkononi, mfuko ukaendelea na safari.)

Nilikuja kugundua watu wameshajaa, wazazi wameshakaa kwenye mikeka, Salma na hijabu yake mpya ananitazama. Mke wangu Bi Zuhura hayupo, amekwenda Northfield, upande wa pili wa mji, kumchukua kaka yake mgonjwa, Hamadi, aje ashinde kwetu. Nikaingia jikoni nikafungua kabati hili na lile, tende zimekwisha, biskuti hakuna, mpaka kwenye kabati la juu kabisa, nyuma ya birika la wageni, nikakuta boksi limejaa pakiti ndogo ndogo za karatasi ya nta, zimechorwa mtu kashika gongo, na zimeandikwa kwamba ndani mna chingamu. Nikasema alhamdulillahi, mwanamke huyu Mungu amlipe, anajua kuweka akiba.

Simu ilikuwa mfukoni. Kumpigia na kumuuliza ni neno moja tu. Nikasema nisimsumbue, yumo njiani na mgonjwa, na balaa lote lilianzia kwenye huruma hiyo.

Lakini msinidhanie mtu wa papara. Nilivaa miwani nikasimama dirishani nikasoma viungo vyote, kimoja kimoja, natafuta jelatini ya nguruwe, maana watoto wa watu ni amana. Haikuwamo. Moyo ukatulia. Nilisoma kila kitu isipokuwa mwaka, na mwaka ulikuwa palepale chini, wa zamani kuliko baadhi ya wazazi waliokaa sebuleni.

Dua ikasomwa, amina zikaitikiwa, nikapita na sinia nikigawa kwa fahari. Watoto wakachana karatasi kwa pamoja, zikatoka kadi za picha, za wanaume wenye kofia za chepeo.

"Mwalimu, hizi ni baseball cards!" mmoja akapiga kelele.

"Kuleni kwanza, picha baadaye."

"Mwalimu, yangu ngumu kama tile," akasema Salma, na mwenzake akadakia, "Yangu imekuwa nyeupe. Is it supposed to be white?"

Mimi nikaona hiyo ni dharau ya watoto wa siku hizi, kuchagua chagua kitu cha khitma. Nikasema hawa wanataka mfano. Nikachukua kipande, nikapiga bismillahi kwa sauti ili wasikie, nikakiuma kwa nguvu zangu zote. Kikalia kama kigae kinavunjika, unga ukanipalia kooni, nikakohoa kikohozi kimoja tu, na meno yangu yote ya juu yakatoka kama yameitwa, yakatua kwenye paja la baba yake Salma, juu ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

Baba Salma ni mtu wa Mombasa, mwenye adabu zake. Hakuruka. Akatoa leso, akayakusanya, akaniinamia. "Mwalimu," akanong'ona, "meno yako haya hapa."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na mlango ukafunguliwa hapo hapo. Bi Zuhura kasimama na koti lake, kamshika mkono kaka yake.

Sasa inabidi niwaambieni jambo, ambalo mwenyewe nilikuwa nalijua nusu. Marehemu mkwe wangu alikuwa baharia, na kila akirudi kutoka Marekani alikuwa akiwaletea wanawe wawili pakiti kama hizo. Mchezo wa besiboli hawaujui, hapakuwa na wa kuwaeleza, basi wakajitungia. Mwenye gongo wakamwita Mtwangaji, maana waliliona gongo ni mchi. Yule anayevaa kinyago na glavu nene wakamwita Mpishi, kwa kuwa glavu ile waliiona ni ya kuepulia chungu. Na sheria yao ilikuwa kwamba anayempata Mpishi anakula chingamu za wote. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Nisilolijua ni kwamba Bi Zuhura alikuwa ametafuta pakiti za kufanana na zile na kuziagiza kimya kimya. Hamadi maradhi ya kusahau yamemchukua, na kwa muda mrefu alikuwa akimwita dada yake "mama", au "bibie" kama mtu asiyemjua. Bi Zuhura alitaka wakae wawili tu siku ile, wafungue moja moja, anuse, aone, labda atamkumbuka. Hakuniambia, kwa kuogopa kutumaini mbele ya mtu.

Akatazama karatasi zilizochanwa kila mahali. "Baba Nassor," akaniambia, wala si kwa ukali, afadhali angenigombeza. "Zote?"

"Fote," nikamjibu, maana meno bado yalikuwa ndani ya leso.

Hakucheka. Akapiga magoti mkekani akaanza kukusanya zile karatasi, kichwa kainamisha, na mimi nikatamani lile basi lililochukua pipi lingenichukua na mimi.

Hamadi akajikalisha chini katikati ya watoto. Akaokota karatasi moja ya nta, akaiweka puani, akavuta harufu yake taratibu, kama anayenusa mtoto. Akaivuta tena. Kisha akawatazama watoto wote.

"Nani kampata Mpishi?"

Watoto wakatazamana. Nikawaeleza, kwa ufizi wangu, mwenye kinyago na glavu nene. Wakapekua kadi zao. "Sina, babu." "Me neither." "Mimi nina huyu wa gongo tu."

Hamadi akageuka, akamkazia macho mke wangu pale alipopiga magoti.

"Zuhura. Inuka hapo. Umemkalia Mpishi tena!"

Bi Zuhura akaziachia karatasi. "Wallahi sijamkalia, kaka."

"Kila siku huapa hivyo hivyo. Inuka tuone!"

Akainuka, machozi yanamtiririka na huku anacheka, na kweli chini ya koti lake palikuwa na kadi, lakini ilikuwa ya Mtwangaji.

"Basi umemficha kwingine," akasema Hamadi. "Nitamwambia baba."

Wakacheza hivyo mpaka chai, watoto wamewazunguka, Hamadi akimshitaki na yeye akikana. Mpishi hakuonekana. Jioni wakati wa kuvaa viatu akamwambia, "Ahsante mama," na mke wangu akamfunga kamba za viatu akamwitikia, "Karibu tena, mwanangu."

Mimi nimeweka nadhiri. Kabati la Bi Zuhura siligusi bila ya kumuuliza, hata kama ni chumvi, na kabla ya kusoma viungo nasoma mwaka. Kadi tumezirudisha zote kwenye boksi, na kila Hamadi akija tunazimwaga mkekani. Siku nyingine anauliza, siku nyingine hapana.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhie meno yako, na akujaalie mtu wa kukuita kwa jina lako, hata kama ni kwa kukushitaki. Amina.