Makaburi ya Majani pale Mazwi

Enzi zetu, nyie wenzangu mliolelewa kwa ugali wa ulezi wakati wa Mwingereza, mtu hakwenda dukani kununua mbolea. Mbolea tulikuwa tunaizika. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanakonyezana, wanadhani bibi kaanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Niliona kwa macho yangu.

Baba alipofariki, mimi na mama tulitoka kijijini kwetu Kate kwa miguu mpaka Sumbawanga, mama jembe begani, mimi kuku kwapani. Mama alitaka nisome. Chumba tulipata mtaa wa Mazwi, ila shamba hatukuwa nalo, na mama bila shamba alikuwa kama mtu aliyekatwa mikono. Mazwi ya siku zile ilikuwa nyasi tupu, nyumba moja huku, nyingine kule. Nyuma ya duka la mzee Salehe, Mwislamu mmoja mwenye lori, nyasi zilifika dirishani. Mzee alikuwa amekwama na lori lake matopeni njia ya Mbeya, wiki ya tatu sasa. Mkewe, mama Zuhura, akamwambia mama, "Dada, lima tu hapo, nyoka watatumaliza."

Mama akalima kama wanavyolima kwao. Alifyeka nyasi, akazilundika kwa mviringo, kisha akakata udongo na kuufunika juu yake mpaka likatokea tuta la duara, linanifika magotini. Wafipa tunaliita ntumba. Juu yake akapanda maharage. Mimi na Zuhura, binti wa mwenye duka, niliyesoma naye darasa moja, tulibeba nyasi mpaka shingo zikawasha. Kiwanja kizima kikajaa ntumba.

Ndipo mzee Salehe akarudi, matope mpaka kwenye ndevu. Alizunguka nyuma ya nyumba kunawa, tukasikia birika likianguka.

"Mama Zuhura! Nani wamekufa? Mbona hamkuniletea habari?"

Kabla hajajibiwa akainua mikono, akawasomea dua marehemu wote kwa pamoja, machozi yanamtoka. Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Majirani nao walikuwa wameshajaa uani. Basi aibu ikageuka hasira.

"Kesho yasawazishwe yote! Kwangu si makaburini!"

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Ukifukua leo utakuta majani mabichi tu. Ngoja mvua za kwanza za msimu ujao. Usipokuta humo udongo ambao hujawahi kuuona, nafunga mzigo, narudi Kate na mwanangu."

Kurudi Kate ilikuwa shule kwaheri.

Mzee akamtazama sana. "Mpaka mvua," akasema. "Siku moja zaidi, hapana."

Mji ukapata la kusema. Wateja wakiingia dukani wanauliza, "Mzee, marehemu wako hawajambo?" Naye anajibu huku ameuma meno, "Wamelala." Maharage tulivuna, mama akayatandaza sokoni juu ya kanga, wanawake wa mtaa wa Malangali wakayagombea. Nikadhani tumepona. Mzee hakutikisika. "Maharage kila mtu anaotesha," alisema. "Mimi niliahidiwa udongo."

Kipupwe kikapita na ule upepo wetu wa kupasua midomo. Ntumba zikakauka, zikawa ngumu kama vigae. Siku moja nilichukua kijiti nichungulie ndani. Mama akanipiga kofi la mkono. "Usiichokonoe. Ina kazi yake." Lakini nilimwona usoni. Na yeye alikuwa anaogopa.

Mvua ya kwanza iliponyesha, asubuhi yake mzee Salehe alikuwa amesimama uani kabla yetu, kanzu ameikunja. Mama akainua jembe, akaipasua ntumba ya kwanza katikati.

Wenzangu, mpaka leo mwili unanisisimka. Ulitoka mvuke. Udongo ulikuwa mweusi, mwororo, unameremeta, na harufu yake nikisema nimewahi kuisikia mahali pengine nitakuwa mwongo. Mzee akavua kandambili. Akachuchumaa, akachota viganja viwili, akanusa, akapekua kwa vidole.

"Majani yako wapi?"

"Ndiyo hayo umeyashika, mzee."

Aliuminya udongo mpaka ukaanza kumponyoka vidoleni. Kisha akasema taratibu, "Subhanallah. Mama, usizipasue zote. Niachie moja, nipasue mwenyewe."

Tukabaki. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kwa wakati ule msichana wa darasa la nne alikuwa mtu! Ulezi tulioupanda baada ya kuutandaza udongo ule ulimficha Zuhura mzima mzima. Na nyuma ya kila nyumba Mazwi zikaanza kuchomoza ntumba, hata kwa wale waliotucheka.

Leo kiwanja kile ni zege na maduka ya simu. Wajukuu zangu wanapanda mchicha kwenye viroba, wanaumwagia mbolea ya mfuko, na kesho yake wanaupiga picha kuona kama umekua. Usipokua, wanahamia biashara nyingine.

Mama alipofariki kwa uzee uliokithiri, nilisimama na Zuhura kaburini, vikongwe wawili na mikongojo yetu. Udongo ulipolundikwa juu, Zuhura akaninong'oneza, "Huyu naye ni wa kungoja mvua za kwanza." Tukacheka huku tunalia, na vijana wakatutazama kama wendawazimu. Hatukuwaeleza. Mtu ambaye hajawahi kungoja majani yageuke udongo, utamweleza nini akuelewe?