Mtaro wa Matete

Mastura Darweshi alikuwa fundi cherehani. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa ameishi katika vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, choo kikiwa cha wote na kamba ya kuanikia nguo ikiwa ya kugombaniwa. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akafia katika nyumba ya kupanga, na baba yake naye vivyo hivyo. Kwa hiyo siku aliyompigia simu dadaye Malak kumwambia kwamba yeye na mumewe Yaseen wamenunua ploti upande wa Njoro, alilirudia neno lile la "ploti" mara kadhaa, ingawa Malak alikuwa amelisikia mara ya kwanza.

Mahali penyewe paliitwa Matete. Jina lilikuwa limewaambia kila kitu, lakini waliponunua ilikuwa kiangazi, jua limeshika, na hayo matete yalikuwa yamefyekwa na kuchomwa. Dalali aliwatembeza juu ya ardhi nyeusi, tambarare, iliyopasukapasuka. Yaseen, dereva wa lori, aliipiga ardhi kwa kisigino akasema, "Hapa patabeba hata ghorofa." Hawakumuuliza yeyote aliyekaa pale. Jirani wa karibu alikuwa Mama Cheruto, mwanamke mtu mzima, mfugaji, ambaye boma lake lilikuwa chini kidogo ya mteremko tangu shamba la mlowezi lilipogawanywa. Siku ile alikuwa amesimama na ng'ombe wake akiwatazama wageni. Mastura alimpungia mkono, naye akapunga, basi.

Walijenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Siku ya dua ya kuingia nyumba, wanawake wa Bondeni walikuja kwa wingi, wakala pilau, na Mastura akawaonyesha mipaka kwa kidole: kutoka kwenye mti wa miiba ule hadi kwenye jiwe lile. Mmoja wao aliuliza mbona upande ule nyasi ni mbichi na huku kwingine zimekauka. Mastura alicheka, akasema ni rutuba.

Mvua za Aprili zilipokuja, maji hayakuvuja kwenye paa. Yalitoka chini. Asubuhi Mastura alishusha miguu kitandani akakanyaga zulia lililolowa, na alipoliinua akaona simenti ikitokwa na jasho, vitone vidogo vidogo vikikusanyika hadi vikawa dimbwi. Binti yake Najwa alipanga viatu vya watu wote juu ya meza. Malak alipopiga simu kuuliza habari za nyumba mpya, Mastura alikuwa amesimama juu ya kigoda, ndoo mkononi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Tumepata utulivu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na haukumsumbua sana. Kukubali kwamba wameuziwa kinamasi kungekuwa kukubali mbele ya Bondeni nzima kwamba ni wajinga, na hilo hakuliweza. Yaseen akaanza kurudi na vifusi. Kila palipovunjwa jengo la zamani mjini, alipakia matofali, vigae na vipande vya zege, akaja kuvimwaga nyuma ya nyumba mpaka ua ukainuka kufika magotini. Kisha walichimba mtaro, Mastura na Yaseen kwa mikono yao, kutoka ukutani hadi mwisho wa ploti, wakauelekeza kule chini mteremko ulikoelekea.

Chini kulikuwa kwa Mama Cheruto. Mastura alijua. Dirisha la jikoni lilitazama huko, na wakati wa kuchimba aliinua macho mara nyingi akaliona boma lile, zizi, na chemchemi ndogo kando yake ambapo watu wa upande ule walichota maji. Alijiambia maji ni ya Mungu, yataenda yanakotaka. Mvua kubwa ya Agosti iliponyesha, nyumba yake ilibaki kavu. Alipofungua dirisha aliona zizi la Mama Cheruto limezama, na mwenyewe, sketi imefungwa kiunoni, akimvuta mtamba aliyekwama kwenye tope hadi shingoni. Yule mtamba alikufa siku chache baadaye. Mastura alishona pazia zito, akalitundika kwenye dirisha la jikoni.

Kiangazi kilichofuata, chemchemi ilikauka. Kinamasi kilikuwa kama sifongo ya eneo lile: kilikunywa mvua kikaiachia polepole mwaka mzima. Sasa mitaro ilikuwa imekipasua, kwa maana Mastura hakuwa peke yake, wenye ploti wengine nao walichimba, ingawa wake ndio uliokuwa mkubwa na ndio uliopita karibu na jicho la chemchemi. Maji yote yaliondoka kwa mkupuo wakati wa mvua, na jua lilipokuja hapakubaki kitu.

Asubuhi moja Mama Cheruto alibisha hodi. Alikuwa na mtungi wa plastiki mkononi, na chupa ya maziwa.

"Mama Najwa, habari ya asubuhi. Nimekuletea maziwa kidogo." Alisita. "Kule kwetu maji imeisha kabisa. Nilikuwa naomba mtungi moja tu, ya kupikia."

Asubuhi ile ile bauza la maji lilikuwa limetoka kujaza tangi lao. Mastura hakujua, wala baadaye hakupata kujua, ni nini hasa kilichomsukuma. Labda ni kwamba akimpa leo, kesho watakuja wote. Labda ni ule mtamba. Hakutaka yule mwanamke azoee kusimama mlangoni pake.

"Wallahi, mama, hata sisi tumekwisha," alisema. "Tangi ni tupu."

Nyuma yake, kwenye kona ya nyumba, maji yaliyozidi yalikuwa yakitoka kwenye bomba la juu la tangi, yakipiga bati lililolala chini, ta, ta, ta. Mama Cheruto aliutazama mtungi wake. Kisha akamwachia ile chupa ya maziwa, akasema asante, akaondoka na mtungi wake. Najwa alikuwa amesimama ndani akimtazama mamake. Akaenda zake chumbani. Maziwa yale Mastura hakuweza kuyanywa. Aliyachemsha, yakakaa, yakaganda, akayamwaga.

Mwezi Machi watu wa kupima kinamasi walifika. Wakazi wa chini walikuwa wamepeleka malalamiko, na shirika moja dogo la mazingira likamtuma mtaalamu aitwaye Wangechi, pamoja na vijana wawili, kupima ploti moja baada ya nyingine wajue kinamasi kilianzia wapi na kuishia wapi. Wakazi waliandamana nao kama watu wa harusi. Wangechi alikuwa na chuma kirefu cha kuzungusha, chenye ncha kama ya parafujo, ambacho alikizamisha ardhini na kukitoa kikiwa kimeshika udongo wa chini.

Kwa Mastura chuma kiligonga kitu kigumu. Wakahama hatua chache, kikagonga tena. Kijana mmoja alichimba kwa jembe, akaibua tofali, kisha kigae cha maua, kisha kipande cha sinki jeupe. Akakiinua juu.

"Mathe, kwani huku chini uko na nyumba ingine?"

Watu waliangua kicheko. Mastura naye alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. Mwishowe chuma kilipita pembeni mwa vifusi, na udongo uliotoka ulikuwa wa kijivu, wenye madoadoa ya kutu, ukinuka kama yai lililooza. Wangechi aliumega vidoleni, akawaonyesha wote.

"Udongo ukikaa majini miaka na miaka ndio huwa hivi," alieleza. "Hapa ni katikati kabisa ya kinamasi, si pembeni. Pole, mama. Aliyekuuzia hakukutendea haki." Akageuka akautazama mtaro. "Na huu? Huu ndio unaoikausha chemchemi. Nani aliuchimba?"

Kicheko kilikatika. Mastura alihisi damu ikimpanda masikioni. Majirani wawili watatu walijua, wakatazama viatu vyao. Alifungua mdomo, na kabla hajapata la kusema, sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Huo mtaro ni ya zamani," alisema Mama Cheruto. "Sisi tulikuta hivyo."

Wangechi aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa, wakaendelea na ploti iliyofuata. Na Mastura akauacha uongo ule usimame. Baadaye, kila alipokumbuka, hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kwamba alisimama pale, mtu mzima, mama wa watoto, akajificha nyuma ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimnyima maji.

Siku mbili hakugusa cherehani. Yaseen alimuuliza kama anaumwa. Jumamosi asubuhi, watu wakipita kwenda sokoni, alijifunga kanga kiunoni, akachukua koleo, akaanza kuufukia mtaro.

"Unafanya nini, Mama Najwa?" Yaseen alitoka mbio. "Mvua ni juma lijalo! Maji yatarudi ndani!"

"Yarudi."

"Tutalala wapi?"

"Tutarudi Bondeni."

"Watu watasema nini?"

Mastura alichota udongo, akautupa mtaroni. Alikuwa amejiuliza swali hilo karibu mwaka mzima, na alikuwa ameona lilikomfikisha. Yaseen alisimama kitambo, mikono kichwani, akaingia ndani. Wapita njia walipunguza mwendo, wengine wakauliza, naye aliwajibu kila mmoja bila kuinua uso, "Ni mtaro wangu. Niliuchimba mimi, nauziba mimi."

Jua lilipopanda, Mama Cheruto alikuja akasimama upande wa pili. Mastura aliweka koleo chini.

"Mama, siku ile ya maji..."

"Nilisikia tangi ikimwagika," alisema Mama Cheruto.

Mastura aliinamisha kichwa. Alikuwa ametunga maneno ya kuomba msamaha, akayaacha yote.

"Nisamehe," alisema tu. "Na mtamba wako pia. Nilimwona. Nilikuwa dirishani."

"Najua. Nilikuona." Sauti ya Mama Cheruto haikuwa laini. "Usifikiri nimesahau. Ile siku nilisema mtaro ni ya zamani sababu wale ni wageni. Sikutaka wakuone namna hiyo. Lakini roho yangu bado inauma, Mama Najwa. Hiyo nakuambia ukweli."

Alimtazama kidogo, kisha akashuka kwake. Mastura alidhani mambo yamekwisha hapo. Muda si mrefu akamwona akirudi na magunia matupu begani. Udongo mtupu utasombwa, alisema. Ujazwe kwenye magunia. Walifanya kazi hadi adhuhuri, mmoja akishika gunia, mwingine akijaza.

Mvua zilipokuja maji yalirudi ndani, kama Yaseen alivyosema. Waling'oa mabati, milango na madirisha, wakapakia kwenye lori, wakarudi Bondeni kwenye vyumba viwili vya kupanga, mtaa ule ule. Dalali hakuonekana tena. Malak alikuja kuwasaidia kushusha vyombo, na Mastura akamweleza yote, pamoja na habari ya mtungi wa maji. Malak akaendelea kufuta masufuria.

Huko Matete, wenye ploti wengine walizozana na lile shirika miezi mingi. Wengine walikubali kuziba mitaro, wengine wapo hadi leo, nyumba zao zikiwa na alama ya maji ukutani. Vifusi vya Yaseen viliondolewa kwa lori lile lile lililovileta. Jumapili Mastura huenda kupanda matete na mafunjo pamoja na wakazi, akichomeka miche kwenye tope linalomfika kwenye mashavu ya miguu. Chemchemi haijarudi kama zamani. Inatoka, nyembamba, na kiangazi kikikolea huhitaji subira kujaza ndoo.

Wanawake wa Bondeni humuuliza, "Ile nyumba yenu ya Njoro iliishia wapi?" Huwaambia. Uso bado humwaka moto, na wakati mwingine hulazimika kusimamisha cherehani kwanza, asije akajishona kidole.

Jumapili moja, baada ya kupanda, Mama Cheruto alimwita kutoka bomani kwake aje anywe chai. Mastura alinawa miguu, akaenda, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Walizungumza juu ya bei ya majani ya ng'ombe na mtihani wa Najwa. Mama Cheruto alimwongeza kikombe cha pili bila kumuuliza, naye akakipokea kwa mikono miwili, macho chini.