Sauti ya Bibi Apolonia Ndani ya Kiboksi

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, ukungu umeshuka hadi kwenye vizingiti vya milango, na ndani ya ukungu ule mama mmoja aliyekuwa na siku arobaini kaburini akatuita tukimbilie mtoni. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Na aliyemwacha aite nilikuwa mimi.

Usitabasamu. Kaa vizuri nikueleze, maana kesho na wewe utaandika programu zitakazoaminiwa na watu usiowajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi katika ofisi ndogo karibu na Msamvu, mahali ambapo honi za mabasi zilitulazimisha kupaza sauti hata tulipokuwa tukiambiana siri. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuonya mafuriko kwa kijiji kimoja cha juu katika milima ya Uluguru. Programu ilikuwa moja, lakini ilitakiwa ifanye kazi mahali patatu: kwenye kompyuta za ofisini, kwenye simu za wanakijiji, na kwenye kiboksi cha chuma kilichofungwa ukutani mwa zahanati yao, chenye kipaza sauti na kinachotumia umeme wa jua. Juu mtoni kulikuwa na kipimo cha maji. Maji yakizidi, kiboksi kinasema.

Sauti hatukuitengeneza sisi. Tuliichukua katika maktaba. Ndivyo watu wa programu tunavyoita kazi iliyoandikwa na wengine, ambayo unaipachika ndani ya kazi yako ili usianze upya. Maktaba hii ilitoka kwa vijana fulani wa Dodoma ambao hatukuwahi kuonana nao. Walikuwa wamepanda mlimani wakamrekodi Bibi Apolonia, kwa sababu pale kijijini, yeye akisema ondokeni, hakuna aliyebaki amekaa. Maneno yake yalikuwa machache: "Wanangu, maji yanakuja. Acheni vitu. Vukeni daraja, njooni shuleni."

Masika yaliyofuata mto ulibeba daraja lile. Halafu, kabla halijajengwa jingine, Bibi Apolonia naye akafariki.

Mjukuu wake, Felista, aliteremka mjini kuniona. Alikuwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Dada Rehema, ukoo umekaa," akasema. "Bibi amepumzika, asiendelee kufanyishwa kazi. Wanataka sauti yake itoke kabla ya arobaini. Nitarekodi mimi, na maneno yatabadilika: watu wasivuke, wapande kanisani."

"Hilo jepesi. Nitaweka sauti yako juu ya yake."

"Sijasema umfunike, dada. Nimesema umtoe."

"Ni kitu kilekile, mdogo wangu."

Ee mwanangu, neno lile nimelijutia kuliko yote niliyowahi kusema.

Vijana wa Dodoma walimrekodi Felista, wakanitumia toleo jipya la maktaba. Nililiweka kwenye folda mpya. Lile la zamani sikulifuta, kwa uvivu tu, nikijiambia kwamba huenda litahitajika. Sasa, kila programu ina faili la maelekezo linalosema ijengwe namna gani, ichukue nini, kutoka wapi. Pale palipotakiwa kuandikwa namba ya toleo, mimi niliandika: lolote. Pale palipotakiwa kuandikwa mahali pa kutafuta, niliandika: popote. Nikabonyeza kitufe. Kompyuta yangu ikasema kwa sauti ya Felista. Simu yangu ikasema kwa sauti ya Felista. Nikafurahi.

Mkuu wetu wa kazi, Mzee Mkude, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Umeijenga kwenye mashine safi, isiyo na mipangilio yako, isiyokumbuka kitu?"

"Hapana, mzee. Lakini kwangu inafanya kazi."

"Kwako inafanya kazi," akarudia polepole, na ofisi nzima ikaanza kucheka. "Basi sawa, binti. Tukupandishe wewe na meza yako mlimani, tukufunge pale ukutani mwa zahanati."

Nilicheka pamoja nao. Siku iliyofuata nikakipelekea kiboksi programu mpya kwa mtandao, bila kupanda mlimani kukisikiliza.

Siku ya arobaini tulialikwa, mimi na Mzee Mkude. Gari lilitufikisha mwisho wa barabara, tukapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya kabichi na maharage, mvua ikitufuata kwa nyuma. Kijijini kaka wa marehemu, Mzee Klementi, alitupokea mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyemtoa dada yangu kwenye chuma?"

"Ndiye mimi, babu."

"Umefanya vyema. Kula ushibe."

Ibada ilikwisha, wali ukapakuliwa, simu za watu zikiwa bado zimezimwa. Yapata saa nane mchana ukungu ulishuka, mnene kiasi kwamba aliyekaa mkekani ng'ambo ya sinia alibaki kivuli. Watu wakawa wanazungumza kwa sauti ya chini. Ndipo kutoka upande wa zahanati ikaja mikwaruzo, kama mtu anayesafisha koo.

"Wanangu."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Maji yanakuja. Acheni vitu. Vukeni daraja, njooni shuleni."

Hakuna aliyepiga kelele, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Waliinuka kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama watu walioitwa kwa majina. Mama mmoja alifunika chakula kwa kawa. Mzee Klementi alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akatangulia. Wakaanza kuteremka kuelekea mahali ambapo daraja halikuwepo.

"Msivuke!" Felista alipiga kelele. "Daraja halipo! Pandeni kanisani!"

Lakini Felista alikuwa na koo la bibi yake. Sikuwahi kuligundua hilo ofisini, kwenye vipaza sauti vyetu vidogo. Ndani ya ukungu sauti ilikuwa moja, mzee na kijana, ikiita chini na ikiita juu, na watu wakasimama njiani wakigeuza vichwa huku na huku, hawajui wamfuate yupi. Kiboksi kilirudia kila baada ya dakika moja. Mimi ndiye niliyekiagiza kirudie.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili kwenye utelezi, nikaufikia ukuta wa zahanati kwa kupapasa. Sauti ilikuwa juu ya kichwa changu, tulivu, yenye upendo. "Acheni vitu," ikaniambia. Nikaushika waya wa umeme kwa mikono miwili, nikauvuta hadi ukakatika.

Ikabaki sauti ya Felista peke yake, na chini yake mngurumo wa maji.

Watu walipanda. Mzee Mkude alimkuta Mzee Klementi amesimama ndani ya mto, maji yamefika mapajani, mkono mmoja ameunyoosha mbele akitafuta kamba ya daraja. Alimvuta kwa kola ya lile koti. Hakuna aliyekufa. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu, kisha naona aibu kwamba kazi yangu mimi ilibidi aifanye Mungu.

Kanisani, akiwa amefunikwa shuka anatetemeka, mzee yule aliniita karibu.

"Siku zote hizi alikuwemo?"

Ningeweza kumweleza habari za folda. Kwenye kompyuta yangu utafutaji ulianzia kwenye folda mpya. Kwenye kiboksi ulianzia kwenye ya zamani, na kwa kuwa nilisema lolote, kilichukua cha kwanza kilichokiona. Lakini hakuniuliza hilo.

"Alikuwemo, babu."

"Mlituambia mmemtoa."

"Nilimfunika tu."

Akafumba macho. "Ungejua anavyofurahi mtu kuitwa tena na dada yake," akasema, "usingecheza hivyo."

Baada ya siku tatu nilirudi, nikamtoa Bibi Apolonia mbele ya ukoo wote: kwenye kiboksi, kwenye kompyuta, na kwenye simu moja moja hadi ya mwisho. Mzee Klementi aliomba amsikie mara moja zaidi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Haya. Mwache aende."

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kazi ya mtu mwingine ukiipachika ndani ya yako, ijue ni ya nani na ni toleo lipi, uiandike namba yake waziwazi, na programu ionyeshwe mahali pamoja tu pa kuitafuta. Usiandike lolote. Usiandike popote. Jenga kwenye mashine isiyokumbuka kitu, kisha nenda kasikilize kila mahali itakaposemea, hata kama mahali penyewe ni juu ya mlima na mvua inanyesha. Ukiambiwa utoe, toa, na uhesabu mashine zote. Na siku ulimi wako utakapotaka kusema "kwangu inafanya kazi", ufunge mdomo uvae viatu.

Mungu ayape macho yako subira, na mikono yako uaminifu. Kila utakachokijenga kiseme ulichokusudia kiseme, na watu wakikisikia wafike salama walikoelekezwa. Nenda mwanangu, nenda na baraka zangu.