Aliyenishikia Mpira wa Maji

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, jioni ya mvua, nikiwa sijanywa chochote ila chai. Natangulia kusema hivyo kwa sababu najua utakachofikiria. Mimi hutuma habari za mashinani kwa redio moja, na habari isiyo na shahidi huwa siiandiki. Hii naiandika kwa sababu shahidi ninaye, na ukifika kwetu nitakuonyesha umguse kwa kidole.

Tunaishi juu kidogo ya Mogogosiek, mahali ambapo majani chai yanafika hadi ukutani mwa choo. Wakati huo mke wangu Atieno alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani, kwa hiyo akawa Kiprotich bila mjadala. Lakini kwetu Wakipsigis mtoto hupewa pia jina la ndani, la mmoja wa jamaa waliokufa. Kina mama wazee humzunguka na kutaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya mtoto apige chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Wenyewe ni watu wa kanisa, ndiyo. Huanza kwa maombi na kumaliza kwa maombi.

Wetu hakupiga chafya. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliita majina hadi koo likamkauka. Wakamsogezea mtoto tumbaku puani. Wapi! Aliwatazama tu kama abiria anayeona gari ambalo si lake likipita. Tangu siku hiyo akawa halali usingizi. Ananyonya kidogo, anashtuka, analia. Kliniki walisema hana ugonjwa wowote, ila uzito haupandi, na wangependa kumwona tena upesi. Neno hilo "upesi" lilininyima usingizi kuliko kilio chenyewe.

Atieno ni wa kutoka ziwani, ingawa alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Alinitazama akasema, "Hata kwetu mtoto akilia hivi, kuna mtu anataka kuitwa. Sasa huyu ni wa upande wenu. Tafuteni."

Nitamtafuta wapi? Mimi nilichoweza kushughulikia ni kelele. Pembeni ya redio huwa nahariri video za harusi, na kompyuta yangu ya mezani, kasha kuukuu la chuma la rangi ya krimu lililotoka kwenye saiba ya intaneti iliyofungwa, ilikuwa na feni zinazonguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Kila nilipoiwasha, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza amesinzia aliamka. Nikaamua kuzing'oa feni na kuipoza kompyuta kwa maji.

Usicheke. Inawezekana. Kipande cha shaba hukaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaochemka, maji hupita ndani yake yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta yakapoa, yakarudi. Vifaa vyenyewe huku kwetu havipatikani, kwa hiyo nilijipanga. Rejeta niliitoa Mulot kwa jamaa anayevunja magari mabovu, ile ndogo ya hita. Pampu ilikuwa ya kidimbwi cha samaki wa mapambo. Mpira ni ule unaoonyesha maji ndani, ambao waashi hupimia levo ya msingi. Maji nilitumia ya betri, kwa sababu hayaachi ukoko wa chumvi. Kasha nililikata juu kwa grinda ili rejeta ikae, nikapiga kingo tupa, nikazivisha tyubu ya baiskeli zisije zikakata mpira.

Jioni hiyo nilikuwa najaribu kama inavuja. Unaunganisha kila kitu, unatandika karatasi ya choo chini ya kila kiungio, unawasha pampu peke yake huku kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Karatasi itakayolowa itakuambia. Atieno alikuwa kwenye jiko la nje, na mvua ya mawe ikamfungia huko huko. Ukungu ukashuka hadi nikawa sioni hata ua. Mtoto akaanza kulia kitandani mwake. Na hapo hapo mpira ukachomoka kwenye mdomo wa rejeta.

Niliuziba kwa kidole gumba. Mkono wa pili umeinua rejeta. Swichi iko mbali, maji yanasukuma, na mtoto analia mpaka pumzi zinakatika. Wewe ungeachilia nini?

"Chamgei," mtu akasalimu mlangoni.

"Chamgei! Ingia, shika hapa!"

Ndivyo nilivyomkaribisha. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza jina kabla ya swali lingine lolote.

Alikuwa kijana mwembamba, hajafika thelathini, amevaa koti zito la kaki la mtindo ambao siku hizi huuoni. Alishika mpira kwa mkono wa kushoto, kwa utulivu kabisa, nami nikazima pampu nikamchukua mtoto.

"Weri," akaniita, yaani kijana, na mimi nina mvi kidevuni. "Weri, hii kitu unapika nini ndani?"

"Sipiki. Ni kompyuta. Inachemka, halafu maji inaipoza."

"Kumbe umetengeneza boila ya kurudi nyuma."

"Na wewe ni nani wa kuniita weri? Si nimekushinda miaka?"

"Umenishinda ndevu tu," alisema akicheka. "Leta maji moto."

Maji moto hayakuwepo, ila chai kwenye thamosi. Nikammiminia kikombe. Hakunywa. Alichovya ncha ya mpira ndani yake mpaka ikalainika.

"Hii chai ni maziwa tupu. Mliogesha ng'ombe ndani yake?"

Kisha akausukuma mpira ule ukaingia kwenye mdomo wa rejeta kama soksi mguuni. Akatoa mfukoni nyuzi za katani, zile ambazo mafundi wa mabomba wa zamani walizungushia viungio. Akazungusha, akauma ncha kwa meno, akafunga fundo. Akaniambia niwashe. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini sikioni, akasikiliza huku amefumba macho.

"Inapumua vizuri," akasema.

Nikamuuliza ni wa wapi. "Wa hapa tu. Hapa chini, kwa mikaratusi." Kwa mikaratusi hakuna nyumba. Niliona kasoro hiyo, niamini, lakini nikajiambia labda ni mpasuaji mbao aliyepiga kambi huko.

Ndipo nilipogundua kwamba mtoto amenyamaza. Alikuwa anamtazama yule kijana, na safari hii alimtazama kama abiria aliyeona gari lake.

"Anaitwa nani?"

"Kiprotich."

"Hiyo ni ya ng'ombe kurudi. Yake mwenyewe?"

"Bado. Kogo ameita watu wetu wote, amekataa."

"Wote?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema polepole, kama mtu anayeuliza kama chakula kimebaki na hataki kuonekana ana njaa. Akamgusa mtoto kwenye unyayo kwa kidole kimoja, akainua kola ya koti, akatoka.

Punde si punde Atieno akaingia mbio, sufuria kichwani kama kofia. Nikamuuliza kama amepishana na mgeni. Mlangoni petu hutoka njia moja tu, nayo hupita jikoni, na pande zote mbili ni chai.

"Mgeni gani? Nimetoka huko sasa hivi. Umeanza kuongea na hiyo mashine yako?"

Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimejaa vilevile.

Asubuhi Kogo alikuja kumwona mtoto. Macho yake yamefifia, kwa hiyo vitu huvijua kwa vidole. Nikamwonyesha kasha langu kwa majivuno, akalipapasa huku akinung'unika kwamba nimeharibu chuma kizuri. Alipofika kwenye lile fundo, vidole vikasimama.

"Nani amefunga hii?"

"Jamaa mmoja alipita jana."

"Wa mkono wa kushoto."

"Umejuaje, Kogo?"

Alienda nyumbani kwake, hapo ng'ambo ya ua, akarudi na kibuyu chake cha zamani cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Shingo yake iliwahi kupasuka, ikafungwa kwa nyuzi zilizogeuka nyeusi kwa moshi. Nikaweka fundo karibu na fundo. Mzunguko ule ule wa kinyume, ncha ile ile iliyoumwa kwa meno. Nikakaa chini.

"Chumo," akasema. "Ndugu mdogo wa babu yako. Alikuwa fundi wa mabomba kiwandani. Nilipoolewa hapa kibuyu changu kilipasuka njiani, nikalia, na yeye akanifungia kabla mtu hajaona. Alikufa kwa mapafu, hajaoa. Tulimzika pale chini kabla mikaratusi haijapandwa."

"Na mbona hukumwita?"

"Hakuacha mtoto." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wenye watoto ndio tunaita, na wao ni wengi. Huyu nimemruka. Leteni lakwet."

Atieno akamleta mtoto. Kogo akaomba kwa ufupi, akainama sikioni mwake, akasema neno moja tu: "Chumo."

Mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, kama ya paka. Tumbaku haikuwepo.

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamwomba Kogo arudie. Akarudia. Mtoto akapiga ya pili.

"Umeridhika sasa, redio?" Kogo akaniuliza.

Siku hiyo mtoto alinyonya hadi akaachia titi mwenyewe, akalala mpaka Atieno akaanza kumwekea mkono puani kuhakikisha anapumua. Kliniki walipompima tena walifurahi. Sasa yuko nasari, na hakuna anayeweza kumlaza mapema.

Kompyuta ile imezeeka, video za siku hizi zinaishinda, lakini siivunji. Viungio vingine vyote nimeshavibadilisha kwa klipu za chuma, kila kimoja kimewahi kuvuja. Kile cha katani hakijadondosha hata tone, na katani huoza, uliza fundi yeyote. Huyo ndiye shahidi wangu. Kule kwa mikaratusi tumeweka jiwe, na jina liko juu yake.

Kwa hiyo nakuonya kwa upole. Unapowataja waliokutangulia, hata kama ni kwenye maombi tu kabla ya kula, usidhani umemaliza kwa sababu umewataja wenye wajukuu wa kukukumbusha. Rudi nyuma, tafuta yule aliyepita kimya. Na jioni ya mvua, ukikwama hadi mikono yako miwili haitoshi, akatokea mtu akakushikia, muulize jina kabla hajatoka. Mimi sikuuliza. Bahati yangu ni kwamba aliacha fundo.