Bomba la Yorleni

Hakuna kitu kilichomvuruga akili Yorleni Coto kama bomba la sindano alilolibuni mwenyewe. Mjini Alajuela, kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali alikofanyia kazi, mezani pake, lilikuwa halina kasoro. Unachovya mdomo wake kwenye kichupa, unavuta dawa, unazungusha pete ya kijani, unasukuma, na ile dawa inatoka kwenye tundu jingine ikiwa ukungu mwembamba. Hakuna kuchomoa sindano, hakuna kutafuta kofia ya kunyunyizia iliyodondokea chini ya kitanda. Lakini likifika nyumbani kwao mlimani, kijiji cha Tierra Blanca, mikononi mwa mama yake, kulikuwa na jambo lisiloeleweka, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia ni jambo gani.

Na bomba lenyewe alilibuni kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo. Baba yake, don Belarmino, alianza kuanguka kifafa baada ya kiharusi. Daktari aliagiza apuliziwe dawa puani mara tu anapoanza kutetemeka, kwani akicheleweshewa anaweza asiamke tena. Kazi hiyo ilimwangukia mama, doña Zeneida, ambaye akiona sindano anageuza uso, na vidole vyake vimekakamaa kwa miaka ya kung'oa vitunguu kwenye baridi. Wakubwa wa Yorleni kazini walilipenda wazo lake, daktari akakubali lijaribiwe pale nyumbani, na kila wikendi binti akawa anapanda mlimani na mabomba mapya kwenye pakiti zake.

"Mama, lile bomba lilitumika?"

"Lilitumika, mwanangu. Zuri mno! Mungu aibariki mikono yako."

"Na Baba alitulia haraka?"

"Alitulia."

"Haraka kiasi gani?"

"Wewe nawe na maswali! Kunywa kahawa, inapoa."

"Basi nionyeshe lenyewe."

"Nimelitupa. Si ulisema la kutumia mara moja tu?"

Angeridhika, kama si jirani yao Grettel, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Huyo alimsimamisha njiani akamwambia kwamba juzi don Belarmino alitetemeka hadi midomo ikawa ya bluu. Yorleni alirudi kiwandani kichwa kikimzunguka. Bomba zuri mno, midomo ya bluu, vipi tena? Akapanua tundu la kunyunyizia, akalipunguza tena. Akashuku dawa. Akashuku baridi ya mlimani, akayalaza mabomba kwenye friji, na asubuhi yote yakanyunyiza vizuri kabisa. Akaanza kujishuku mwenyewe, usingizi ukamkimbia.

Niseme wazi: sisi watu wa huku hatuna ulimi wa kusema hapana. Ukinialika harusini na sitaki kuja, nitakuambia nitakuja, nawe utajua siji, na tutabaki marafiki. Wageni wanatusifu kwa hilo. Lakini kwa mtu anayetengeneza vifaa vya wagonjwa ni balaa tupu, na Yorleni, aliyelelewa kwa adabu hiyo hiyo, hakuiona hata ilipomkodolea macho.

Jumapili moja mchana walikuwa mezani wanakula mchuzi wa nyama na mihogo. Kijiko cha don Belarmino kikaanguka. Kisha akaanguka mwenyewe.

"Bomba, Mama!"

Mama akalichukua kwenye rafu, kando ya sanamu ya Negrita, Bikira wetu wa Cartago. Lilikuwa limeshatolewa kwenye pakiti. Yorleni aliliona hilo, ila hapakuwa na muda wa kuuliza. Akamlaza baba yake ubavu, akavuta dawa, akazungusha pete, akasukuma. Kidole gumba kikagoma. Akasukuma kwa nguvu zote, na tone moja tu likaning'inia, likaangukia shati la mzee. Midomo ilikwishaanza kubadilika rangi. Akauvamia mkoba wake, akararua pakiti mpya, akavuta, akanyunyiza. Ukungu ukaingia. Wakangoja wamepiga magoti, mpaka mwili wa mzee ukalegea na pumzi ikarudi.

Yorleni akaliokota lile bomba la kwanza, akalielekeza dirishani. Tundu lilikuwa jeupe, limezibwa na kitu kama chaki.

"Mama, nani alilifungua hili?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kulibariki." Mama akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe mwenyewe ulisema linavuta na kunyunyiza. Basi nikavuta maji matakatifu ya chemchemi ya Negrita, nikanyunyizia kitanda na kichwa cha baba yako, nikalianika. Ulitaka nimtie puani kitu kisicho na baraka?"

Yale maji yana chokaa, kila birika la nyumba ile lilikuwa ushahidi. Yorleni alitaka kucheka, lakini akauliza:

"Uliyabariki yote?"

"Yote."

"Na baada ya hapo yakanyunyiza dawa?"

Mama akaanza kukusanya sahani.

"Mama."

"Hata moja halikunyunyiza."

"Hata moja! Na mbona ulikuwa unayasifu?"

"Ulikuwa unakuja umechoka, macho mekundu, na umeyatengeneza wewe. Ningekuambiaje?"

"Baba angekufa!"

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti hapa. Unafikiri sijui?"

Yorleni hakujua amkasirikie nani. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumkumbatia, na katikati ya hayo mawili akabaki ameduwaa kama mgeni jikoni kwao. Mwishowe akatoa bomba jingine, akamwekea mama yake kiganjani.

"Lizungushe mbele yangu. Halafu niambie ubaya wake. Usinionee haya."

"Halina ubaya, mwanangu, ni zu..."

Mama akamtazama mumewe aliyelala kinywa wazi sakafuni, mto chini ya kichwa. Akaishika pete ya kijani. Vidole vikateleza. Akaishika tena, vikateleza tena, na machozi yakaanza kumtoka.

"Hii pete ni ngumu," alisema. "Tangu lile la kwanza. Siiwezi kwa vidole, Yorleni. Wakati baba yako anatetemeka, mimi nilikuwa naizungusha kwa meno."